Nyumba ya Wasiopona



Sisi Waanglikana tuliingia nchi ya Embu mwaka 1910, Dakta Crawford alipofungua misheni ya Kigari. Wapresbiteri nao walimpeleka Dakta Irvine Chogoria mwaka 1922. Twajua basi ya kuwa huku kwetu Injili na dawa vilifika pamoja. Lakini leo tutazame nyumba isiyo yetu: ile ya mabruda Wakatoliki wa Cottolengo, huko Chaaria, Meru.

Habari yao ilianzia Turin, Italia. Mwezi wa Septemba 1827 mama mmoja Mfaransa, mja mzito, alishikwa na homa safarini. Hospitali ya wagonjwa ilimkataa kwa sababu ya mimba. Ile ya wazazi ikamkataa kwa sababu ya homa. Akafa, akaacha mume na watoto. Padri Giuseppe Cottolengo, aliyeitwa kumwombea, alichomwa moyo. Januari 1828 alikodi vyumba vichache kwa ajili ya wale waliokataliwa kote. Vilipofungwa mwaka 1831 kwa hofu ya kipindupindu, hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alifungua nyumba nyingine, kisha akaanzisha na shirika la mabruda wa kuuguza.

Masista wake walikuja Tuuru, Meru, miaka ya 1970, wakalea watoto walemavu. Mabruda walikuja Chaaria miaka ya 1980. Zahanati yao ilikua hata ikawa hospitali. Lakini walifanya pia makao ya wanaume wenye ulemavu wa akili. Hao hawangoji kupona warudi kwao. Huoshwa, hulishwa, huvishwa. Na kesho vivyo hivyo. Na wenye kuwaosha ni wanaume, katika kazi ambayo wengi husema ni ya wanawake.

Hatupatani na Wakatoliki katika mafundisho yote. Lakini katika vijiji vyetu yuko mtoto anayefichwa chumbani wageni wajapo, na mama yake haonekani kanisani. Mtoto huyo akiombewa asipopona, ni nani atakayerudi kumtazama?

Yule Msamaria wa Luka 10 hakufunga majeraha tu. Aliahidi kulipia hata siku zilizobaki. Jumapili ijayo tumwendee mama huyo, tumbebe mtoto wake, tuketi naye kanisani. Na Jumapili ya pili, turudi tena.

Bwana atusaidie. Amina.