Michoro ya Miji ya Uholanzi

Michoro ya mandhari ya miji ni kazi za mkono zinazoonyesha mitaa, mifereji, makanisa na majumba kama yalivyokuwa mahali pake. Nchini Uholanzi ilistawi katika karne ya 17 na ya 18. Vifaa vyake vilikuwa vyepesi: karatasi, chaki nyeusi, kalamu, wino na rangi za maji.

Mchoraji Pieter Saenredam (1597–1665) alikuwa makini kupita kiasi. Mwaka 1641 alichora jumba kuukuu la baraza la mji wa Amsterdam. Jumba hilo liliteketea kwa moto mwaka 1652, naye mwaka 1657 akautoa mchoro wake wa zamani na kuutumia kutengeneza picha ya rangi za mafuta. Kwa hiyo picha hiyo maarufu inaonyesha jengo ambalo halikuwapo tena.

Mji wa Utrecht nao una deni kwa mchoraji Herman Saftleven. Tarehe 1 Agosti 1674, dhoruba iliangusha sehemu ya kati ya kanisa kuu, na Saftleven akayachora magofu yake kwa uangalifu.

Karne iliyofuata, Cornelis Pronk na mwanafunzi wake Jan de Beijer walizunguka nchini wakichora miji na vijiji. Wakusanyaji walizinunua kazi hizo, na wachapishaji wakazichonga kwenye mabamba ya shaba.

Huko Utrecht, sehemu ya kanisa kuu iliyoanguka mwaka 1674 haikujengwa tena. Mnara wa kanisa hilo na sehemu yake iliyobaki vimetengana hadi leo.