Jinsi Redio Zilivyofundishwa Kutoingiliana

Mtu aliyepita Dakawa, katika njia itokayo Morogoro kwenda Dodoma, ameyaona mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya mto Wami. Maji huongozwa kwa mifereji, na kila jaruba lina tuta lake. Mtu akiliacha tuta lake libomoke, maji yaliyokuwa faida kwake huwa hasara kwa jirani. Hewani nako mna majaruba. Kila stesheni ya redio hupewa masafa yake, yaani hesabu ya mitikisiko ya mawimbi yake katika sekunde moja, nayo yatakiwa isitoke humo. Leo nataka kuwaeleza jinsi watu walivyojifunza kulijenga tuta la hewani, na kwa nini ilikuwa lazima.

Katika nchi yetu simu ya upepo ilianza siku za Wajerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na mitambo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Tarehe 8 Agosti 1914, vita vikiwa bado vichanga, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika Dar es Salaam na kuipigia mizinga stesheni ile, kwa kuwa thamani yake ilijulikana. Miaka miwili baadaye, katika Agosti 1916, majeshi yalipigana Dakawa penyewe, kwenye mto Wami, na tarehe 26 ya mwezi ule Waingereza wakaingia Morogoro.

Mitambo ya siku zile ilipeleka habari kwa cheche za umeme. Cheche ni kama jiwe litupwalo bwawani: viwimbi hutawanyika, hupungua, kisha hufa, tena havina kipimo kimoja. Stesheni moja ya cheche iliweza kufunika sehemu kubwa ya hewa, na wawili waliposema pamoja, wa tatu alipata shida kusikia.

Baharini jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Titanic iligonga mlima wa barafu, na kabla ya mapambazuko ikazama. Watu kama 1,500 walikufa. Zaidi ya 700 waliokolewa na meli Carpathia, ambayo ilikuwa imeusikia wito kwa simu ya upepo. Mwezi Agosti mwaka ule ule Marekani ilitunga sheria iliyotaka wimbi safi. Kama mtambo ulitoa mawimbi mawili au zaidi, hakuna wimbi dogo lililoruhusiwa kupita sehemu 10 katika 100 za nguvu ya lile kubwa. Hapo mwenye mtambo alipewa wajibu wa kujisafisha mwenyewe.

Wakati huo dawa ilikuwa imekwisha patikana. Fleming wa Uingereza alitengeneza valvu mwaka 1904, na mwaka 1906 De Forest wa Marekani akaunda yake, ambayo baadaye iliweza kukuza nguvu ya umeme. Valvu hutoa wimbi lisilokatika, lenye kipimo kimoja. Mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1927 uliweka masharti ya kuziondoa cheche hatua kwa hatua.

Lakini dawa ile nayo ilikuja na ugonjwa wake. Katika mtambo wenye nguvu nyingi, ili umeme usiliwe bure, valvu hupumzishwa sehemu kubwa ya kila mtikisiko, kisha husukuma kwa ghafula, kama mtu asukumaye pembea. Msukumo wa ghafula hauzai wimbi moja tu. Huzaa na mengine yenye mitikisiko mara mbili, mara tatu, mara nne ya lile la asili, nayo huitwa hamoniki. Mpiga zeze ayajua haya: akiugusa uzi katikati kwa wepesi, husikia sauti nyembamba iliyokuwa imejificha ndani ya ile nene. Katika zeze huo ni utamu. Katika redio ni maji katika jaruba la mwenzio.

Tufanye hesabu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza zamani katika masafa ya kilohezi 5,050. Mara mbili ya hesabu hiyo ni 10,100. Na ukanda wa kilohezi 10,005 mpaka 10,100 umewekwa kwa ajili ya mazungumzo ya ndege. Waona basi kwamba fundi wa masafa kama hayo hana ruhusa ya kulegea, kwa maana jirani yake ni rubani aliye angani na abiria wake.

Mafundi walitafuta njia nne. Ya kwanza ni koili na kapasita zilizopimwa pamoja zipokee masafa ya asili tu. Hizo hufanya kazi ya pembea yenyewe: husukumwa kwa ghafula, lakini huenda na kurudi kwa ulaini. Ya pili ni valvu mbili zinazopokezana, kama wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja, mmoja akipandisha mchi na mwenziwe akishusha. Nguvu zao zikilingana, hamoniki za mara mbili na mara nne huuana zenyewe. Za mara tatu na mara tano hubaki. Ya tatu ni chujio liwekwalo kabla ya waya wa angani. Hilo hupitisha masafa ya chini na kuzuia ya juu, kama kifumbu kinavyopitisha tui na kuzuia machicha. Ya nne haigharimu kitu, nayo ni kutoushurutisha mtambo kupita uwezo wake.

Kanuni nazo zilikaza. Mkutano wa Atlantic City wa mwaka 1947 uliweka vipimo vya hamoniki, na utangazaji ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951 njia ilikuwa imekwisha chongwa. Kwa kanuni za sasa, stesheni ya mawimbi ya kati au mafupi yenye wati 50,000 haitakiwi kutoa katika hamoniki yake yoyote zaidi ya miliwati 50, yaani sehemu moja katika milioni. Mwaka 1912 ilikuwa sehemu moja katika kumi.

Siku hizi transista zimeshika mahali pa valvu, wala jambo halikubadilika. Mtambo rahisi usio na chujio huonekana una nguvu, kumbe sehemu ya nguvu hiyo imeibwa katika majaruba ya wengine. Msikilizaji aliyeko Dakawa hawezi kujiponya. Hamoniki ikishaingia katika masafa anayoyasikiliza, redio yake haiwezi kuipambanua na sauti aliyoikusudia, hata awe na redio ya thamani namna gani. Maji yakimwagika hayazoleki. Tuta hujengwa na mwenye maji, tena hulijenga kabla ya kufungua mfereji.