Kutoka Boom Hadi Bendi: Bili ya Chuo Ilifikaje Mlangoni Kwetu

Wasee, kuna neno moja ukilitaja mbele ya wazee waliosoma chuo kikuu miaka ya sabini au themanini, wanatabasamu hata kama walikuwa wamekasirika. Hilo neno ni boom. Kama una mjomba aliyepita huko, muulize leo jioni. Serikali ilimlipia masomo, ikampa kitanda, ikamlisha, halafu juu ya hayo yote ikampa pesa mkononi za matumizi. Hizo pesa ndizo ziliitwa boom. Kuna waliozinunulia redio na viatu, na kuna waliozituma nyumbani wadogo zao wakasoma.

Sasa linganisha na kijana anayeingia chuo leo. Anaambiwa yuko bendi gani, na kabla hajajua darasa liko jengo gani, tayari ana deni.

Ukiuliza nini kilitokea hapo katikati, wengi watakujibu "pesa ziliisha." Mimi hilo jibu silinunui. Ukifuata miaka moja baada ya nyingine unaona mchezo uleule: serikali inafungua milango ya vyuo, inapigiwa makofi, halafu baada ya muda inasukuma bili chini. Kwanza ilishuka kwa mwanafunzi, kisha kwa chuo chenyewe, na sasa imefika kwa mzazi.

Nianzie huku kwetu mpakani. Watu wa Nairobi mnaijua Malaba kwa foleni ya malori, na Amukura wengi wenu hamuijui kabisa, poa tu. Lakini chekini ramani: kutoka hapa Kampala ni karibu nusu ya safari ya kwenda Nairobi. Na kuanzia 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kwa Mteso wa Amukura mwenye pasi nzuri, kuvuka mpaka kwenda kusoma Makerere hakukuwa kwenda ng'ambo. Ilikuwa ni chuo chake. Mwaka wa 1970 kila nchi ikachukua kipande chake, na tangu hapo mpaka ukaanza kuhesabika hata kwenye cheti. Leo ukirudi na digrii ya Uganda lazima tume ya vyuo vikuu ya Kenya, CUE, iitambue kwanza.

Nairobi ikabaki chuo kikuu pekee cha umma nchini. Kiti kilikuwa kigumu kupata, lakini ukikipata umebebwa. Hata mkopo haukuanza na HELB kama wengi wanavyodhani. Serikali ilianza kukopesha wanafunzi 1974, na kudai hizo pesa baadaye kukawa kibarua.

Halafu milango ikafunguka. Tume ya Mackay ilipendekeza 1981 kuwe na chuo kikuu cha pili, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanza 1984. Kenyatta ikafuata 1985, Egerton 1987. Mfumo wa 8-4-4 nao ulikuwa umeanza, na 1990 vyuo vikapokea makundi mawili kwa mpigo: wa mwisho wa A-level na wa kwanza wa 8-4-4. Hebu fikiria hosteli zilikuwa aje.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1991, boom ikakatwa. Benki ya Dunia ilikuwa inasukuma serikali kupunguza matumizi, na neno jipya likawa kugawana gharama. Wanafunzi wakawasha moto, vyuo vikafungwa, lakini boom haikurudi. Karo ikawekwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na 1995 Bunge likaunda HELB ili kukopesha na kufuata wadaiwa. Hiyo 16,000 ikumbuke, tutairudia.

Hatua iliyofuata ilitoka ng'ambo ya mpaka wetu. Makerere walikuwa wameshaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia miaka ya mwanzo ya tisini, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaiga 1998. Hapo ndipo Module II ilizaliwa, ile watu waliita parallel. Vyuo vikaonja doo. Kampasi zikaota mjini kama vibanda vya M-Pesa, nyingine ghorofa moja juu ya baa. Kwa maoni yangu hapa ndipo uharibifu mkubwa ulifanyika, ingawa kila mtu alikuwa anashangilia. Maana serikali iliona vyuo vinajitafutia, ikatulia. Karo ya 16,000 ilikaa vilevile karibu miaka thelathini. Unga ulipanda, mafuta yakapanda, mishahara ya wahadhiri ikapanda, lakini hiyo 16,000 hakuna mwanasiasa aliyetaka kuigusa, na pesa za serikali hazikujaza pengo. Wanafunzi wa Module II ndio walilijaza.

Na bado milango ikazidi kufunguliwa. Kufikia 2012 tulikuwa na vyuo vikuu vya umma saba. Mwaka uliofuata vilikuwa 22. Kila eneo lilitaka chake, na kila kiongozi alitaka picha akikata utepe.

Kisha ikaja KCSE ya 2016. Waziri Matiang'i alikaza wizi wa mitihani, na waliopata A nchi nzima wakawa 141. Waliofikisha C+ walikuwa 88,929, wakati mwaka uliotangulia walipita laki moja na nusu. Serikali ikasema wote hao itawapeleka chuo yenyewe, hata vyuo vya kibinafsi. Sasa nani atabaki wa kujilipia? Module II ikaanguka karibu usiku mmoja. Serikali ilikuwa imeahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi lakini ikawa inatuma pungufu, na madeni ya vyuo vya umma yakapita shilingi bilioni 60. Makato ya pensheni hayafiki, kodi ya mishahara haifiki, wahadhiri wanagoma, na wewe mwanafunzi unakaa nyumbani semesta ikioza.

Katikati ya hiyo moshi, Teso Kusini tukapata chuo chetu. Alupe, pale njia ya Busia kwenda Malaba, zamani palijulikana kwa hospitali ya ukoma na utafiti wa ngozi. Kikawa chuo kishiriki cha Moi, na 2022 kikapewa hati ya kujitegemea. Tulifurahi, na tulikuwa na haki. Miezi michache baadaye, Mei 2023, Rais Ruto akazindua mfumo mpya wa ufadhili. Yaani chuo kilifika karibu na nyumbani, na bili ikafika nyuma yake.

Mfumo wenyewe sasa uko na bendi tano. Tuseme kozi yako ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Ukiwa bendi ya kwanza, unapata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia inatoa 5, yaani 7,500. Ukiwa bendi ya tano, ufadhili ni 30, mkopo 30, na familia inatoa 40, yaani 60,000. Nitakuwa mkweli: wanaoutetea wana hoja. Zamani mtoto wa waziri na mtoto wa mama mboga walilipa 16,000 sawa, na hiyo haikuwa haki. Na 7,500 ni chini ya 16,000. Lakini huyo wa bendi ya kwanza anabeba pia mkopo wa 37,500 kila mwaka. Miaka minne ni 150,000, na kazi hajapata.

Shida kubwa zaidi ni nani anakuweka kwenye bendi. Unajaza fomu mtandaoni, programu inapima umaskini wenu. Chukua mama anayeuza chakula kwa madereva wa malori Malaba. Mpaka ukienda vizuri, wiki hiyo ana doo na chama analipa. Mpaka ukikwama, kama wakati wa korona 2020 ambapo foleni ilienda mbali huko upande wa Bungoma, anategemea nini? Hana hati ya mshahara. Kipato chake kinapanda na kushuka kila siku, na fomu inataka namba moja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sitakitaja. Salio la karo lilikuwa bado, potali haikutoa kadi ya mtihani, na mlango wa chumba cha mtihani hausikizi maelezo. Darasani kwetu hatukuwa wachache.

Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alisema mfumo huo unakiuka Katiba, kwamba ni wa kibaguzi na umma haukushirikishwa vya kutosha. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi, na bendi zikaendelea. Mwaka wa 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Kama pengo la vyuo limejazwa na nani, tangazo halikusema.

Na kundi lingine liko njiani. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Wale wa kwanza wa mtaala mpya, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, watapiga hodi chuoni 2029. Mdogo wangu ni mmoja wao. Juzi ameniuliza bendi ni nini, na kama sisi tutahesabiwa maskini.