Mboni ya Jicho na Lugha ya Kipimo: Tafakuri juu ya Masisi na Walikale

Neno *mboni* limehifadhi sauti ambayo kitenzi *-ona* kimeipoteza. Mzizi wake katika Kibantu asilia ni *-bon-*. Katika Kiswahili sauti *b* ya asili imedhoofika au kutoweka, isipokuwa palipotangulia nazali. Ndiyo maana twasema watu *wawili* lakini nyumba *mbili*. Warumi waliiita mboni *pupilla*, yaani kibinti au mwanasesere, kutokana na taswira ndogo ya mtu ionekanayo katika jicho la mwenzake. Waswahili wameiita kwa kazi yake ya kuona. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ilivyogeuzwa kuwa kipimo cha maradhi na fikra, na kipimo hicho kinahitaji nini katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini.

Mboni husinyaa penye mwanga na kupanuka gizani. Kipenyo chake kwa mtu mzima ni kati ya milimita 2 na 8 hivi. Mwaka 1751, Robert Whytt wa Edinburgh alieleza kwamba mwendo huo hautokani na hiari ya mtu, bali ni itikio la mfumo wa fahamu. Mwaka 1869, katika mji huohuo, Douglas Argyll Robertson alieleza mboni zisizoitika mwanga, ingawa husinyaa mgonjwa atazamapo kitu cha karibu. Baadaye ilithibitika kwamba aghalabu chanzo chake ni kaswende. Mwaka 1958, Otto Lowenstein na Irene Loewenfeld wa New York walieleza chombo cha kupima mboni hata gizani, kwa miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho.

Wanasaikolojia nao hawakukawia. Mwaka 1960, Eckhard Hess na James Polt wa Chicago walionyesha kwamba mboni hupanuka mtu aonapo picha imvutiayo. Hess alidai pia kwamba husinyaa kwa kichukizacho, lakini utafiti uliofuata haukuliunga mkono dai hilo: mboni hupanuka kwa furaha na kwa hofu vilevile. Mwaka 1966, Daniel Kahneman na Jackson Beatty waliwapa watu tarakimu za kukumbuka. Mboni ilipanuka kwa kila tarakimu iliyoongezwa, ikarudi taratibu kadiri zilivyotamkwa.

Kwa sababu hiyo mboni imesifiwa kuwa shahidi asiyehitaji ulimi. Sifa hiyo yapasa kuchunguzwa kabla ya kuipeleka Masisi na Walikale.

Kwanza, jicho lenyewe lina historia. Mwaka 1932, daktari Mbelgiji Jean Hissette alieleza madhara ya usubi machoni mwa wakazi wa eneo la Sankuru, katika Kongo ya Kibelgiji. Vimelea vya maradhi hayo huenezwa na vijinzi weusi wazaliao katika mito iendayo kasi. Vikisababisha uvimbe ndani ya jicho, mboni huweza kupinda, kunata kwenye lenzi na kuacha kuitika mwanga. Mpango wa Afrika wa kupambana na usubi, ulioendeshwa kuanzia 1995 hadi 2015, ulikuwa na mradi uliobeba majina ya Masisi na Walikale. Kipimo chake hakikuwa cha mboni: ramani ya maradhi ilichorwa kwa kupapasa vinundu chini ya ngozi, na dawa ya ivamektini iligawiwa na watu waliochaguliwa na vijiji vyao, kwa kipimo cha urefu wa mtu. Basi mtafiti wa fikra akikuta mboni isiyopanuka, hawezi kusema moyo haukushtuka kabla ya kulichunguza jicho.

Pili, ulimi haukwepeki. Tarakimu 1 hadi 9 katika Kifaransa zina silabi moja moja. Katika Kiswahili sanifu zote zina silabi mbili mbili, kuanzia *moja* hadi *tisa*, na mashariki mwa Kongo husikika pia *munane*, yenye tatu. Tarakimu saba ni silabi 7 kwa Kifaransa na 14 kwa Kiswahili. Mwaka 1980, N. C. Ellis na R. A. Hennelly walionyesha kwamba muda wa kutamka tarakimu za Kiwelisi hupunguza idadi inayokumbukwa. Jaribio lililotafsiriwa bila kuzingatia hayo laweza kumwonyesha msemaji wa Kiswahili kuwa amelemewa mapema, ilhali amebebeshwa mzigo mrefu zaidi.

Tatu, mboni hueleza kiasi, haielezi maana. Mauaji yaliyoanza Ntoto, Walikale, Machi 1993, na vita vilivyofuata, vimeacha hofu ambayo watafiti watataka kuipima. Kamera itaonyesha kwamba mtu ameguswa. Aliguswa na nini, kumbukumbu gani, ni yeye atakayesema, kwa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda au Kiswahili.

Hivyo idara za lugha zina wajibu: kuandaa orodha za maneno na tarakimu zilizosawazishwa kwa silabi, na maelekezo yanayoeleweka vijijini. Bila kazi hiyo, milimita zitasomwa kwa usahihi, lakini mtu aliyepimwa atasomwa vibaya.