Neno "Mauaji" na Mkasa wa Akeri wa 1896

Wapenzi wa riwaya za upelelezi wanamfahamu Bwana Msa na mwenziwe Najum, ambao marehemu Muhammed Said Abdulla aliwaleta kwa wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Msa si askari wala hakimu. Ni raia tu, mwenye kiko chake na subira ya kuuliza. Kanuni ya riwaya za namna hii ni moja: mtu haitwi muuaji mpaka ushahidi wote umepimwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo yampasa pia mfasiri, na mfano wetu ni mkasa wa kweli uliotokea katika miteremko ya Mlima Meru.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema Akeri, katika nchi ya Wameru, wakitaka kuanzisha kituo. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kikosi cha Wajerumani huko Moshi, alikuwa na kambi yake si mbali nao. Alfajiri ya tarehe 20 wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha walishambulia. Wamisionari wote wawili waliuawa, pamoja na Wachagga kadhaa waliofuatana nao. Baadaye Johannes aliongoza mashambulizi dhidi ya Wameru na Waarusha, akisaidiwa na wapiganaji wa Kichagga; watu waliuawa, ng'ombe wakatekwa na migomba ikateketezwa. Boma la Wajerumani lilijengwa Arusha kati ya 1899 na 1900, na wenyeji walilazimishwa kulijenga. Jengo hilo sasa ni makumbusho. Mnamo 1902 wamisionari walirejea, wakaanzisha kituo cha Nkoaranga.

Hapa hapana fumbo la nani aliyeshika mkuki. Fumbo limo katika maneno tunayoyatumia tunaposimulia.

Tuanze na fungu la maneno "mauaji ya Wameru". Je, Wameru ndio waliowaua wengine, au ndio waliouawa? Sarufi yetu yakubali maana zote mbili, kwa kuwa kihusishi "-a" chaweza kufuatwa na mtenda au mtendwa. Katika mkasa huu maana zote mbili zilitokea, tena katika mwaka mmoja. Mwandishi asipoangalia, fungu hilo litamwonyesha msomaji maiti wawili na kuwaficha wengi. Dawa yake ni nyepesi, nayo tunayo tayari: "kuuawa kwa Wameru" chamtaja aliyekufa bila utata, na "Wameru waliwaua" chamtaja mtenda.

Neno la pili ni "muuaji". Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuua kwa kukusudia ni kosa la kusababisha kifo kwa kitendo kisicho halali, kukiwa na dhamira ovu kama sheria inavyoieleza. Pasipo dhamira hiyo, kosa ni kuua bila kukusudia. Lakini mtu anayeilinda nchi yake dhidi ya jeshi geni hapimwi kwa vifungu hivyo pekee. Ukimwita mpiganaji wa Akeri "muuaji", umekwisha kumhukumu. Ukimwita "shujaa", umekwisha kumwachia huru. "Mpiganaji" laeleza alichokifanya, na kumwachia msomaji kazi ya kuamua.

La tatu ni "msafara wa kuadhibu", ambalo ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina walilolitumia Wajerumani. Anayeadhibu ni yule mwenye mamlaka halali juu ya mkosaji. Mfasiri anayeliingiza jina hilo bila alama za kunukuu amekubali mamlaka ambayo Wameru na Waarusha walikuwa wakiyapinga. "Mashambulizi ya kulipiza kisasi" ni bora zaidi.

Pengine msomaji atasema kuwa haya ni mambo ya wanahistoria. Sivyo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini. Karani anayetafsiri hati ya mashtaka yumo katika hatari ile ile ya kuandika "mauaji" mahali ambapo sheria yataka kujua kama kulikuwa na kusudio. Na mwalimu wa Arusha anayefundisha habari za 1896 ana mbele yake wajukuu wa Wameru, wa Waarusha na wa Wachagga, wakiwa wamekaa dawati moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno "mauaji", yafaa kila mfasiri ajiulize: nani alitenda, nani alitendwa, na nani aliyekwisha kutoa hukumu? Asipopata jibu la swali la tatu, basi hukumu hiyo isitoke katika kalamu yake.