Msawazo: Istilahi ya Kitu Kisichotulia

Mwalimu wa kemia akisema mmumunyo umefikia msawazo, usidhani kazi imekwisha humo ndani. Istilahi hiyo hutaja hali ambamo mmenyuko unakwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi moja, hata jicho lisione badiliko lolote. Ni kama ukumbi wa harusi uliojaa: akitoka mgeni mmoja anaingia mwingine, na idadi ya waliomo ni ileile. Wapo wanaopendelea kusema "usawa wa kikemia". Mimi siafiki. Usawa humfanya mwanafunzi adhani kwamba vitu vya pande mbili vina kiasi kimoja, ilhali kilicho sawa ni kasi tu.

Chukua magnesi salfaiti, chumvi nyeupe yenye umumunyifu mdogo katika maji matupu. Umumunyifu ni kiwango cha juu kabisa cha kitu kinachoweza kumumunyuka katika kiasi fulani cha kimiminika kwa jotoridi fulani. (Kuyeyuka ni jambo jingine: barafu huyeyuka, chumvi humumunyuka.) Koroga salfaiti hiyo majini, nyingi itatuama chini. Sasa pitisha gesi ya dioksidi ya salfa. Maji yanageuka asidi, na ayoni za hidrojeni zinadaka ayoni za salfaiti na kuzifanya bisalfaiti. Salfaiti iliyomo majini ikipungua, chumvi iliyotuama inamumunyuka zaidi kufidia. Ukizidisha gesi, mmumunyo uliokuwa na ukungu unakuwa mwangavu.

Kwa hiyo humo mna misawazo kadhaa iliyofungamana: wa gesi na maji, wa asidi na ayoni zake, wa chumvi ngumu na ile iliyomumunyuka. Huwezi kuugusa mmoja ukaiacha mingine. Chemsha chombo kikiwa wazi, gesi itatoroka na mashapo yatarudi. Mwelekeo huu wa kupinga badiliko ndio alioutungia kanuni Mfaransa Henry Le Chatelier mwaka 1884.

Miaka kumi kabla yake, huko Bergvik nchini Uswidi, Carl Daniel Ekman alikuwa tayari ameutia kazini. Alipika vipande vya mbao katika mmumunyo wa magnesi bisalfaiti; lignini inayogandisha nyuzi za mti ikatoka, selulosi ya kutengenezea karatasi ikabaki. Baadaye viwanda vingi vilikimbilia kalisi kwa kuwa chokaa ni rahisi. Lakini kalisi salfaiti ni nzito zaidi kumumunyuka, hivyo hudai asidi kali, na gesi ikipungua mashapo yake huganda kwenye mabomba. Magnesi ina faida nyingine: mmumunyo uliokwisha kutumika ukichomwa, hutoa oksidi ya magnesi na dioksidi ya salfa, navyo hurudishwa kazini.

Ewe mtunzi wa kitabu cha shule, andika msawazo, kisha papo hapo utaje ni wa nini na nini, na kwa jotoridi gani.