Kiwewe na Wanafunzi Darasani

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalosababishwa na tukio la kutisha au madhila ya muda mrefu, ambalo humfanya mtu aishi kana kwamba hatari bado ipo. Mwanafunzi mwenye kiwewe hushtuka upesi, hujitenga, hufoka au hushindwa kukumbuka alichofundishwa, na dalili hizo mara nyingi hudhaniwa kuwa utovu wa nidhamu.

Matukio kama hayo si mageni: katika Manispaa ya Morogoro, ambamo kata ya Bigwa iko chini ya Milima ya Uluguru, mlipuko wa lori la mafuta uliotokea Msamvu tarehe 10 Agosti 2019 uliua watu zaidi ya 100 na kuziacha familia nyingi zikiwa zimefiwa. Aidha, utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10 nchini Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwemo cha Bigwa, hupokea pia wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito, ambao baadhi yao hubeba majeraha ya namna hiyo.

Msaada wa msingi ni usalama unaotabirika: mwalimu hufuata ratiba thabiti, husema kwa upole, hutoa taarifa kabla ya mabadiliko na hamlazimishi mwanafunzi kusimulia yaliyompata. Viboko na kejeli huamsha hofu ileile, kwa hiyo havifai kamwe. Mwalimu si tabibu. Dalili zikizidi, humwelekeza mwanafunzi kwa mwalimu wa ushauri nasaha, afisa ustawi wa jamii au hospitali, huku akiitunza siri yake, isipokuwa pale usalama wa mtoto unapodai taarifa itolewe kwa mamlaka husika.